Tanuru la Upangwa

Msafiri afikaye Makambako huziona reli za TAZARA, zilizojengwa baina ya 1970 na 1975 kwa chuma kilichovuka bahari kutoka Uchina. Akishika njia ya Njombe, akaendelea kusini mpaka Ludewa, ataingia Upangwa, nchi ambayo wenyeji wake walifua chuma chao wenyewe zamani sana kabla ya meli hizo.

Tanuru lao halikuyeyusha chuma, kama wengi wadhanivyo. Chuma huyeyuka kwa joto la digrii 1,538, na joto hilo halikuhitajiwa. Makaa yaliiondoa oksijeni katika mtapo. Takataka zikayeyuka na kutiririka, ndizo mavi ya chuma. Chuma chenyewe kikabaki bonge, tayari kwa nyundo. Shida ilikuwa hewa, na hapo ndipo akili ya fundi ilipopimwa. Wafipa walijenga tanuru refu, kiasi cha mita 3, ili moto wenyewe uvute upepo kwa matundu ya chini. Kisha chuma kile wakakisafisha katika tanuru dogo kwa mivuo. Wapangwa walijenga tanuru fupi, wakalipulizia mivuo tangu mwanzo. Mfipa aliokoa nguvu za mikono, akalipa kwa makaa mengi. Mpangwa alilipa kwa jasho. Ni majibu mawili ya swali moja, na amwitaye mmoja wao mwigaji hajalitazama tanuru.

Wageni waliandika mengi juu ya miiko: tanuru kufananishwa na mwanamke, chuma kuwa mtoto wake, mafundi kujitenga na wake zao. Wengine waliona ushirikina mtupu. Lakini kazi isiyoandikwa popote, ambayo kosa moja hupoteza makaa ya siku nyingi, yataka utaratibu usiosahaulika. Na ni nani asahauye jinsi mtoto azaliwavyo?

Majembe ya Ulaya yalipoenea, matanuru yakazimika. Ujuzi haukushindwa, ulikosa mnunuzi. Mengi yangalipotea kabisa, kama si wazee waliokumbuka na watafiti waliowasikiliza, miongoni mwao Randi Barndon wa Norwe, ambaye utafiti wake juu ya Wapangwa na Wafipa ulichapwa 2004.

Mnamo 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kichina, Sichuan Hongda, juu ya chuma cha Liganga, huko huko Ludewa. Miaka 10 ikapita, na Liganga hapakuwashwa tanuru.