Dala, Redio na Abiria wa Pwani

Historia ya usafiri na historia ya utangazaji jijini Dar es Salaam husimuliwa mbalimbali, kana kwamba aliyepanda basi hakuwa yuleyule aliyesikiliza redio. Nashauri tuzisome pamoja, tena tuzitazame kutokea Kibaha na Kisarawe badala ya Posta na Kariakoo.

Mwaka 1965 utangazaji uliwekwa chini ya serikali, ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1970 kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Dola ikawa ndiyo mtangazaji na ndiyo mwenye basi.

Ukiritimba wa basi ndio uliotangulia kuvunjika. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba ya taifa, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikaadimika. Mabasi yalipopungua vituoni, wenye magari binafsi walibeba abiria kinyume cha sheria kwa nauli ya shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala. Kwa maelezo yaliyozoeleka, ndiko lilikotoka jina daladala. Mwaka 1983 serikali ilianza kuyapa leseni. Sheria ilimfuata abiria.

Redio ilisubiri miaka 10 zaidi. Sheria ya utangazaji ilipitishwa mwaka 1993, na Radio One ikasikika mwaka 1994. Sababu ya tofauti hiyo si ngumu kuiona: gari laweza kumkwepa askari kwa kupenya kichochoroni, lakini mnara wa redio hauna pa kujificha. Daladala ilijifungulia njia kutoka chini. Redio ilifunguliwa kwa kibali kutoka juu, na kwa mtaji mkubwa.

Asili hizo mbili zingali zinatutawala. Daladala humfuata abiria aliko, hata Mlandizi au Kisarawe mjini. Redio ya biashara huyafuata matangazo, nayo yako katikati ya jiji. Hivyo mkazi wa Kisarawe anayepitia Pugu alfajiri husikia, ndani ya gari lilelile, habari za foleni ya Kariakoo, ilhali maji, ardhi na barabara za Maneromango havitajwi. Anasafirishwa hadi mjini, ila sauti yake haisafirishwi.

Mipaka ya mikoa huzidisha tatizo. Kibaha, kilomita zipatazo 40 kutoka jijini, na Kisarawe ziko Mkoa wa Pwani, ingawa wakazi wake wengi hutafuta riziki Dar es Salaam. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, njia yake kuu iliishia Kimara. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ina kituo Soga, wilayani Kibaha. Hiyo ni hatua, lakini kituo pekee hakimpi abiria nafasi ya kusema nauli na ratiba ziweje.

Kwa watumishi wa umma, naomba mipango ya usafiri ihesabu safari za watu, isiishie kwenye mpaka wa mkoa. Kwa wanaharakati, daini muda wa hewani kwa kata za pembezoni. Nanyi wanafunzi, nendeni mkawahoji makonda na madereva wa miaka ile wangali hai. Kumbukumbu za mashirika zitawaonyesha idadi ya mabasi. Aliyeachwa kituoni hamtamkuta humo.