Staudinger na Hoja ya Molekuli Kubwa

Mwanakemia Hermann Staudinger (1881–1965) husimuliwa kama mtu aliyekuwa sahihi peke yake huku wenzake wakipotoka. Simulizi hilo linampunja. Baadhi ya aliyoyatetea kwa ukali yalikuja kukanushwa, tena na wataalamu waliokwisha kukubali nadharia yake ya msingi. Naona mchango wake mkubwa ni kwamba mabishano yaliyoendeshwa kwa dhana aliyapeleka maabarani, yakaamuliwe kwa majaribio.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wanakemia wengi waliamini kwamba mpira, wanga na selulosi ni mikusanyiko ya molekuli ndogo zilizoshikamana kwa nguvu hafifu. Haikuwa imani ya kipuuzi. Vipimo vilivyotoa uzani mkubwa wa molekuli vilitiliwa shaka kwa kuwa viyeyusho vya koloidi havikudhaniwa kufuata kanuni za kawaida. Eksirei nazo zilionyesha kwamba kizio kinachojirudia ndani ya fuwele ni kidogo, na ilidhaniwa kuwa molekuli haiwezi kuzidi ukubwa wa kizio hicho. Mwaka 1920, akiwa profesa Zürich, Staudinger aliandika kwamba vitu hivyo ni minyororo mirefu ya atomi zilizoungana kwa bondi zilezile za kawaida. Alikuwa na cha kupoteza: sifa yake ilikwisha kujengeka juu ya keteni, kundi la kampaundi alilolitambua mwaka 1905.

Jaribio lililochapishwa mwaka 1922, alilolifanya pamoja na Jakob Fritschi, linastahili kusomwa polepole. Carl Harries alikuwa ameeleza kwamba mpira ni pete ndogo zinazovutana kwa nguvu za ziada za bondi maradufu. Ikiwa ndivyo, bondi hizo zikijazwa haidrojeni mvutano utakwisha, pete zitaachana, na kitakachobaki kitakuwa haidrokaboni nyepesi inayoweza kunerekwa. Staudinger na Fritschi wakaujaza mpira haidrojeni. Walichopata hakikunereka, na viyeyusho vyake vilibaki vya koloidi kama vya mpira wenyewe. Hapa hawakuleta ushahidi mpya wa upande wao tu. Waliichukua nadharia ya mpinzani, wakaitaka itabiri jambo, kisha wakaonyesha kwamba halikutokea. Ni katika ripoti hiyo molekuli hizo zilipoitwa makromolekuli.

Upinzani haukuisha. Heinrich Wieland, kwa kumbukumbu ya Staudinger mwenyewe, alimshauri aachane na wazo hilo, ausafishe mpira wake vizuri, nao ungeganda kuwa fuwele. Kwenye mkutano wa Düsseldorf mwaka 1926, mwaka aliohamia Freiburg, bado alikabiliwa na wasemaji waliotetea molekuli ndogo.

Makosa yake nayo yasifichwe. Staudinger aliichukulia minyororo hiyo kuwa fimbo ngumu, na kutokana na hapo akadai kwamba mnato wa kiyeyusho hupanda sawia na uzani wa molekuli. Werner Kuhn na Herman Mark walionyesha kwamba mnyororo hujikunja ovyo ovyo, na baadaye Paul Flory akaieleza tabia hiyo kwa hesabu za takwimu. Staudinger alichelewa sana kukubali. Wakati huohuo, Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont alifuata njia nyingine: aliunganisha molekuli ndogo zinazojulikana, kwa mmenyuko unaojulikana, hatua kwa hatua. Mnyororo uliojengwa hivyo haukuacha nafasi ya kubishia namna ulivyoungwa, na mwaka 1935 kazi hiyo ikazaa nailoni.

Tuzo ya Nobel ilimfikia Staudinger mwaka 1953, miaka 33 baada ya makala yake ya kwanza juu ya suala hili. Anayepima athari ya mtafiti kwa idadi ya waliomkubali ndani ya miaka michache angemwona Staudinger wa 1926 kuwa ameshindwa. Anayehesabu matamko sahihi tu angeitupa kanuni yake ya mnato, na hapo angepoteza kitu cha thamani. Kwa kanuni hiyo, maabara isiyo na mashine ya gharama iliweza kukadiria urefu wa mnyororo kwa kuangalia kasi ya kiyeyusho kupita katika kineli chembamba cha kioo. Mlinganyo wa Mark na Houwink, unaotumika hadi leo kwa kazi hiyohiyo, ni kanuni ya Staudinger iliyorekebishwa kipeo: badala ya 1, polima nyingi zinazojikunja hupewa thamani kati ya 0.5 na 0.8.