Picha za Kale na Ukumbusho wa Wakazi: Historia ya Mji wa Kalemie

Katika Kiswahili cha Katanga lipo neno moja ambalo mwanahistoria wa miji ya huko hawezi kulikwepa, nalo ni *ukumbusho*. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliochunguza uchoraji wa watu wa kawaida mjini Lubumbashi, Likasi na Kolwezi katika miaka ya 1970, waliona kuwa wachoraji na wanunuzi wao waliliita kundi kubwa la picha zao kwa jina hilo. Picha ya enzi ya Wabelgiji ilitundikwa sebuleni si kwa uzuri wake tu, bali ili imfanye mtazamaji akumbuke, kisha afikiri, kisha aseme. Hapa ukumbusho unatofautiana na kumbukumbu. Kumbukumbu ni kile kilichomo akilini mwa mtu au kilichowekwa katika jalada. Ukumbusho ni kile kinachokiamsha. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa mji wa Kalemie, kwa kuwa picha nyingi za mji huo ziko Ulaya, ilhali watu wanaoweza kuzisoma wanaishi kando ya Ziwa Tanganyika.

Mji wenyewe si wa kale ukilinganishwa na Ujiji, ulio ng'ambo ya ziwa. Verney Lovett Cameron alipofika kwenye mlango wa mto Lukuga mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani na matope. Miaka michache baadaye maji yalipasua kizuizi hicho, na uso wa ziwa ukashuka. Mwishoni mwa mwaka 1891 Kapteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Ubelgiji cha kupinga biashara ya watumwa, alianzisha ngome katika pwani hiyo na kuipa jina la Albertville, kwa heshima ya Mwanamfalme Albert. Jina la Kalemie lilichukua nafasi ya lile la kikoloni katika miaka ya 1960. Kati ya majina hayo mawili kuna miaka sabini hivi ambayo mji ulipigwa picha nyingi sana, na karibu zote zilipigwa na watu wasiokuwa wa mji huo.

Mfano ulio wazi ni ule wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1915 reli ya Compagnie des Grands Lacs kutoka Kabalo, yenye urefu wa kilomita 273, ilifika ziwani. Mwaka huohuo Waingereza walizileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson, ili kupambana na meli za Wajerumani. Boti hizo zilisafiri kwa reli hadi Fungurume, zikavutwa kwa injini za mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba, zikateremshwa katika mto Lualaba, kisha zikapakiwa tena katika treni mpaka Lukuga. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Safari hiyo ilipigwa picha. Baadhi zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya vita mjini London, na nyingine zilichapishwa mwaka 1922 katika jarida la National Geographic pamoja na masimulizi ya Frank Magee, mmoja wa wasafiri hao. Mtu akizitazama ataona injini, maksai na maofisa waliotajwa kwa vyeo vyao. Wanaume waliokata miti na kujenga madaraja hawana majina. Wanawake waliobeba maji ya kunyweshea zile injini, ambazo bila wao zisingesogea hatua moja, hawana majina pia.

Masimulizi hayohayo ya Kiingereza yanadai kuwa Waholoholo, wenyeji wa eneo la Lukuga, walimwabudu Spicer-Simson na kumfinyangia sanamu za udongo. Dai hilo limerudiwa katika vitabu vingi, mara nyingi kwa kicheko. Ni vema ikumbukwe kuwa linatoka upande mmoja tu. Huenda sanamu zilikuwepo. Lakini kama zilikuwa za ibada, za dhihaka au za michezo ya watoto, hilo lilikuwa swali la kuulizwa kwa waliozifinyanga.

Kwa bahati mbaya swali hilo haliwezi kuulizwa tena. Hakuna aliye hai anayeikumbuka Lukuga ya mwaka 1915. Yanayosemwa leo kuhusu vita hivyo ni yale ambayo mtu aliyasikia kwa babu yake, naye babu pengine aliyasikia kwa mwingine. Jan Vansina, mwanahistoria aliyeanza kazi yake katika Kongo ya Wabelgiji, alisisitiza kutenganisha mambo hayo mawili: kuna kumbukumbu za aliyeshuhudia, na kuna mapokeo yaliyopita katika vinywa vya vizazi. Yote mawili ni hazina, lakini hayapimwi kwa mizani moja. Picha ya mwaka 1915 inaweza kuamsha mapokeo. Haiwezi kuamsha kumbukumbu.

Kutokana na hayo linazuka jambo ambalo wakusanyaji wengi hulisahau kwa kuvutiwa na picha iliyo kuukuu zaidi. Mtu anayetimiza miaka 80 siku hizi alizaliwa katikati ya miaka ya 1940. Wakati wa Uhuru, mwaka 1960, alikuwa na umri wa miaka kama kumi na mitano. Kwa hiyo kumbukumbu hai ya Kalemie inaanzia katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, na mlango wake unafungwa kila mwaka. Picha za Jacques na za Spicer-Simson zitangoja. Zimo katika masanduku yasiyopenya maji wala mchwa. Picha za miaka ya 1945 hadi 1965 ndizo zisizoweza kungoja, si kwa sababu karatasi yake ni dhaifu, bali kwa sababu wasomaji wake wanaondoka. Hizo ndizo zinazopaswa kufikishwa kwa wazee kwanza.

Nazo ni nyingi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na idara yake ya habari, iliyojulikana tangu mwaka 1955 kwa jina la Inforcongo, ambayo wapiga picha wake walizunguka nchi nzima wakionyesha maendeleo: hospitali, shule, reli, viwanda. Mkusanyo wake umo katika Jumba la Makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Kalemie, yenye bandari, reli, makaa ya mawe ya Greinerville na kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ilikuwa mahali panapofaa kwa kazi hiyo. Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha za namna hii yana desturi yake: hutaja mashine, kampuni na mji. Mtu aliyesimama mbele ya mashine hutajwa kama *mfanyakazi mwenyeji*, au hatajwi kabisa.

Mzee aliyekulia katika kambi ya wafanyakazi huitazama picha ya aina hiyo kutoka upande mwingine. Jicho lake halianzi kwenye mashine. Huanza kwenye uso, kisha kwenye nguo, na kutoka hapo hutaka kujua huyo ni mtoto wa nani, alikaa safu gani ya nyumba, kapita wake alikuwa nani, posho ilitolewa siku ipi. Anaweza kueleza kwa nini shati ni jeupe mno kwa mtu aliye kazini. Hayo yote hayamo katika picha, wala yasingetoka kinywani mwa mzee kama picha isingekuwepo. Aidha, picha humsahihisha. Mzee husema mambo ya zamani bila tarehe, na mara nyingi huyaunganisha matukio mawili kuwa moja. Jengo lililokwisha kujengwa au ambalo bado halijajengwa katika picha humlazimisha kuyatenganisha tena.

Hata hivyo ukumbusho una hatari yake. Picha ni mwalimu mwenye sauti kubwa. Mtu akionyeshwa picha kabla ya kuulizwa, atasimulia picha, na baada ya mwaka mmoja ataiamini kuwa ni kumbukumbu yake mwenyewe. Kwa hiyo mtafiti hana budi kusikiliza kwanza, picha zikiwa bado mfukoni. Kisha awaonyeshe wazee mbalimbali, kila mmoja peke yake. Na maelezo ya Kifaransa yafichwe mpaka mwisho. Akianza kwa kuyasoma maelezo hayo kwa sauti, mzee kwa adabu yake atamkubalia mgeni, na utafiti utakuwa umekwisha papo hapo.

Liko pia suala la lugha, ambalo wanahistoria huliona dogo. Wakazi wa Kalemie husimulia kwa Kiswahili chao, ambamo wazee ni *bazee*, na ambamo kiambishi *ka-* hubeba mzigo mkubwa. Aliyeishi katika nyumba ya kampuni akisema *kanyumba*, ametoa hukumu nzima juu ya makazi ya wafanyakazi: udogo wake, pengine dharau yake, pengine pia mapenzi ya mtu kwa mahali alipozaliwa. Mwandishi akisanifisha na kuandika *nyumba ndogo*, amebakiza vipimo na kufuta hukumu. Kiswahili sanifu kina nafasi yake katika ufafanuzi. Maneno ya shahidi yaandikwe kama yalivyotamkwa.

Mfano wa jambo hili upo Katanga yenyewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, historia ya Elisabethville inayojulikana kama *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Fabian aliitoa tena mwaka 1990, akiihifadhi lugha yake bila kuinyoosha. Ni historia ya mji iliyoandikwa na walioingia sebuleni wakiwa wamebeba sinia. Mwaka 2000 Bogumil Jewsiewicki na Donatien Dibwe dia Mwembu walianzisha mjini Lubumbashi mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambao ulikusanya masimulizi, vyombo vya nyumbani na picha za wakazi. Naye mpiga picha Sammy Baloji, katika mfululizo wake wa *Mémoire* wa mwaka 2006, aliwaweka wafanyakazi wa picha za zamani mbele ya magofu ya migodi ya leo. Kazi hizo zimeelekea zaidi kwenye miji ya shaba. Mji wa ziwa, reli na pamba una haki ya kupata kazi ya namna yake.

Kazi hiyo itakumbana na miaka ya 1960 hadi 1964, na hapo uangalifu mwingine unahitajika. Mwishoni mwa mwaka 1960 makao ya kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa yalikuwa Albertville. Tarehe 8 Novemba walishambuliwa huko Niemba, kando ya njia ya reli, na tisa kati yao wakafa. Waluba pia walikufa. Nchini Ireland tukio hilo huadhimishwa, na picha za askari hao zinajulikana. Mwezi wa Juni 1964 waasi wa Gaston Soumialot waliuteka mji. Jason Sendwe, aliyekuwa kiongozi wa jimbo la Katanga ya Kaskazini, aliuawa humo mwezi huohuo. Na mwishoni mwa Agosti jeshi la serikali likaurudisha mikononi mwake. Picha za siku hizo zinaonyesha nyuso za watu wenye silaha, na za waliofungwa. Watoto na wajukuu wao wanaishi mitaa ileile. Katika jimbo ambalo tangu mwaka 2013 limeona umwagaji damu kati ya Watwa na Waluba, kumtaja mtu aliye katika picha si tendo la kielimu pekee. Yako majina ambayo mzee atayatoa na kuomba yasiandikwe, na ombi hilo ni sehemu ya ushahidi.

Sehemu ya mwisho ya hazina hiyo haiko Tervuren wala London. Iko katika bahasha na masanduku ya nyumbani: picha za studio, za ndoa, za komunyo ya kwanza, na zile ndogo zilizobanduliwa kutoka katika vitambulisho. Vita vya 1996 hadi 2003 vilizihamisha pamoja na wenyewe, au vikawatenganisha. Kisha likaja ziwa. Maji yalipopanda miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, yaliingia katika nyumba za Kalemie, na karatasi ndiyo inayotangulia kuharibika. Simu ya mkononi yatosha kunakili picha ya familia palepale uani, bila kuichukua kwa mwenyewe. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya hadi upande wa mbele na huyeyuka ukilowa.

Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi ile ya Kongo orodha ya vitu takriban 84,000 vya Kongo vilivyomo Tervuren, na tangu hapo mjadala umehusu zaidi sanamu na vinyago. Picha zimezungumzwa kidogo, ingawa nakala yake hurudi kwa urahisi kuliko sanamu yoyote, na haimpunguzii aliyenayo kitu. Nakala hizo zikifika Kalemie, mahali pake ni pale ambapo mzee anaweza kufika kwa miguu na kuweka kidole juu ya uso anaoujua: parokiani, shuleni, kwenye stesheni. Maelezo ya Kifaransa yaachwe chini ya picha kama yalivyo, na ya wazee yaandikwe kando yake, pamoja na tarehe yaliposemwa na jina la msemaji, kama amekubali.