Kunyonyesha hadharani Kenya: Sheria ipo, macho ya watu je?

Agosti 7, 2019 ilikuwa siku ya mwisho ya Wiki ya Kunyonyesha Duniani. Siku hiyo Zuleikha Hassan, aliyekuwa mbunge mwakilishi wa wanawake wa kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge jijini Nairobi akiwa amempakata mtoto wake wa miezi mitano. Alisema alipatwa na dharura nyumbani. Kelele zikazuka, na aliyekuwa akiongoza kikao akamwamuru atoke, kwa kuwa kanuni haziruhusu mgeni ukumbini. Mtoto anayenyonya alihesabiwa kuwa mgeni. Baadhi ya wabunge wanawake walitoka pamoja naye.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mei 2018, wanawake waliandamana katikati ya Nairobi baada ya mama mmoja kusimulia kwamba katika mkahawa alitakiwa ajifunike au akanyonyeshee chooni. Nani kati yetu angekubali kupelekewa chakula chake chooni?

Matukio yote mawili yalitokea sheria ikiwa tayari ipo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka kila mwajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu au njia nyingine ya kupoza maziwa, umeme, meza na viti. Inasema wazi kwamba chumba hicho kisiwe msalani. Pia inampa mama muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, usiozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula, na muda huo unahesabiwa kuwa wa kazi. Nchini Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaruhusu hadi saa 2 kwa siku. Lakini sheria haiwezi kumzuia jirani kukodoa macho.

Tena aibu hii si ya kila mahali. Ndani ya matatu, sokoni au kwenye foleni ya kliniki, mama akimnyonyesha mwanawe ni nadra mtu kugeuka. Aibu inaonekana kukaa zaidi penye vigae na viyoyozi, yaani ofisini na kwenye mikahawa ya bei. Hata hivyo mitaa ya watu wa kipato cha chini ina hofu zake. Utafiti uliofanywa Korogocho na Viwandani, Nairobi, ulikuta akina mama wanaoogopa kunyonyesha mbele ya watu kwa kuhofia jicho baya. Mama wa namna hiyo hatasaidiwa na bango la ukutani. Atasaidiwa na mtu anayemwamini.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila hata maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Kenya imepiga hatua kubwa. Watoto wa chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32 katika takwimu za 2008 na 2009, wakafika asilimia 61 mwaka 2014. Tangu hapo ngazi imesimama: mwaka 2022 walikuwa asilimia 60.

Ukiitazama miezi mmoja mmoja, unaona kwamba wengi huanza vizuri, kisha idadi hushuka kadiri mtoto anavyokua. Likizo ya uzazi yenye malipo ni miezi 3, kwa hiyo mama aliyeajiriwa hurudi kazini akiwa bado na miezi 3 ya kunyonyesha bila kuchanganya. Mama mwenye kibanda cha mboga hana likizo kabisa. Na nyumbani kuna ndugu wanaosema kwa nia njema kwamba mtoto analia kwa sababu maziwa hayatoshi, apewe maji au uji mwepesi.

Hapo ndipo madhara yanapoingia kimyakimya. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa au kukamuliwa. Mtoto akishibishwa uji, hunyonya kidogo, na maziwa hupungua kweli. Aliyesema hayatoshi huonekana alikuwa sahihi. Hofu na fedheha nazo huzuia maziwa kushuka, kwa hiyo mama anayetazamwa vibaya anaweza kukamuliwa na mawazo kabla hajakamua tone.

Ndiyo sababu Kenya imeupeleka ushauri huu kutoka wodini hadi vijijini na mitaani, kupitia vikundi vya akina mama na wahudumu wa afya wa jamii wanaotembelea nyumba. Vikundi vinavyomwita mama peke yake vinakosea. Uamuzi wa kumpa mtoto uji mara nyingi ni wa bibi au mama mkwe, na fedha za chakula cha mzazi huwa mikononi mwa baba. Hao nao wanahitaji kukaa kwenye mkeka huo huo. Na mama aliyeshindwa kunyonyesha kwa sababu za kiafya asisutwe; naye ana haki ya heshima ile ile.

Msaada wenyewe si mkubwa. Mume achote maji na abebe mtoto mkubwa. Kondakta ampe mama kiti cha dirishani. Mwenye duka aweke benchi nyuma ya kaunta. Na mama akienda kazini, maziwa aliyokamua kwenye chombo safi chenye kifuniko hukaa salama kwa saa 4 mahali pasipo na joto kali, au hadi siku 4 ndani ya jokofu. Hayachemshwi; chombo huwekwa ndani ya maji ya moto kiasi, kisha mtoto akanyweshwa kwa kikombe kidogo. Baba anaweza kulifanya hilo sawasawa na bibi.