Barabara ya Mahoko: kutoka gunia la viazi hadi jezi ya njano

Msafara wa mbio za baiskeli za Tour du Rwanda unapoteremka kutoka Bigogwe kuelekea Ziwa Kivu, soko la Mahoko husimama. Wachuuzi huacha mizani, watoto wa shule hujipanga kandokando ya lami, na waliowahi hupanda ukingoni ili waone vizuri. Pikipiki za polisi hutangulia. Kisha kundi zima hupita kwa sekunde chache tu, mlio wa minyororo na upepo wa kasi, na rangi za jezi zinazopita kabla jicho halijachagua ya kufuata. Magari ya timu yakishapita, vijana wa viazi hurudi barabarani na magunia yao kwenye keria, kana kwamba walikuwa wamepisha mvua.

Historia ya baiskeli katika bonde hili la mto Sebeya imezoea kuandikwa kwa kuanza na hao wanaopita kwa sekunde chache. Mimi naianza na wa viazi. Ndio waliotangulia, na baadhi ya wakimbiaji waliokuja kusifiwa walitoka miongoni mwao.

Itazame kwanza barabara yenyewe. Inatoka Musanze chini ya volkano za Virunga, inapanda Mukamira na Bigogwe, ambako baridi huingia mpaka mifupani na kimo kimepita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Halafu inaanza kushuka: Kanama na soko lake la Mahoko, Pfunda penye chai, Nyundo penye kanisa kuu, hadi Gisenyi, ufukweni mwa ziwa, kwenye mita zipatazo 1,460. Mto Sebeya nao unalitafuta ziwa hilohilo, ukitokea milima ya Rutsiro. Udongo wa volkano huku juu unazaa viazi na kabichi, na walaji wengi wako chini, Gisenyi na Goma, miji miwili iliyotenganishwa na mpaka tu. Mzigo uko juu, soko liko chini, na katikati kuna mteremko mrefu. Mahali kama hapa magurudumu hayahitaji kuhubiriwa.

Chombo cha kwanza kilichozoeleka kwa kazi hiyo kilikuwa cha mti mtupu. Wanyarwanda wanakiita igicugutu, ng'ambo ya mpaka Wakongo wanakiita chukudu. Ni ubao mrefu na usukani, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa matairi chakavu, na kipande cha mpira nyuma kinachokanyagwa kwa mguu kama breki. Hakina kanyagio wala mnyororo. Mteremkoni dereva hupanda juu ya mzigo. Tambarare, huweka goti moja kwenye ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Goma wamekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Nimeshawahi kusikia watu wakiiona sanamu hiyo kuwa alama ya umaskini. Sikubaliani nao hata kidogo. Chombo kinachoshusha magunia ya makaa bila tone la petroli ni kazi ya akili, na mji umefanya haki kukiheshimu.

Baiskeli ya chuma ilipoenea, kazi ikabaki ileile. Kijana alifunga gunia kwa mipira, akateremka akiomba breki zisiungue, akauza, kisha akaanza safari ya kurudi. Kurudi ndiko kulikojenga mapafu. Wapo waliokuwa wakishika malori kwa nyuma ili wavutwe mlimani, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo ingawa ni kosa na limeua wengi. Asiyeshika lori alipanda kwa miguu yake, siku baada ya siku, mahali ambapo hewa ni nyepesi.

Mbio za kuizunguka Rwanda zilianza mwaka 1988, na mshindi wa kwanza alikuwa Célestin Ndengeyingoma. Hazikudumu. Baada ya 1990 vita vilizizima, yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na hapakuwa na mbio tena hadi 2001. Katika miaka iliyofuata Abraham Ruhumuriza alishinda mara tano, lakini nje ya mipaka ni wachache waliolisikia jina lake.

Mwaka 2006 Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli kutoka California, aliandaa mashindano nchini Rwanda ambamo baiskeli za mti zilipewa nafasi yake. Kisha akabuni baiskeli yenye keria ndefu kwa wakulima wa kahawa, kwa kuwa tunda la kahawa likikaa saa nyingi baada ya kuchumwa huharibika kabla ya kufika kiwandani. Alikuja pamoja na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981. Boyer akabaki, akaunda timu ya taifa, na baadaye makao yake yakawa Musanze, mwanzo wa barabara yetu hii.

Alichokikuta ni miguu yenye nguvu isiyojua mbio. Mbebaji wa viazi hupambana na mlima peke yake. Mkimbiaji wa mashindano huishi ndani ya kundi: hujificha upepo nyuma ya mwenzake, hula kabla njaa haijabisha hodi, huteremka kwa kukata kona bila kugusa breki ovyo. Hayo yalifundishwa. Nguvu haikuhitaji mwalimu. Gasore Hategeka, wa Sashwara, kijiji cha kando ya barabara hiihii, alikuwa akibeba viazi kwa baiskeli kabla ya kuvaa jezi ya taifa. Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya kimbari, alibeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London 2012 na kushindana katika baiskeli za milimani. Jeanne d'Arc Girubuntu aliendesha kwenye mashindano ya dunia ya Richmond, Marekani, mwaka 2015, na wasichana wengi wakaona njia.

Tour du Rwanda iliingia kwenye kalenda ya Shirikisho la Baiskeli Duniani, UCI, mwaka 2009. Kwa miaka mitano walishinda wageni. Halafu 2014 Valens Ndayisenga akaichukua, 2015 Jean Bosco Nsengimana, 2016 Ndayisenga tena, 2017 Joseph Areruya, 2018 Samuel Mugisha. Miaka mitano mfululizo, Wanyarwanda watupu! Rubavu, wilaya yenye Gisenyi na Mahoko, ilikuwa na sehemu yake katika fahari hiyo, maana klabu ya Benediction, iliyolea wakimbiaji wengi wa kizazi hicho, ni ya huku. Mwaka 2019 mbio zilipandishwa daraja, timu kubwa zikaja, na Merhawi Kudus wa Eritrea akashinda. Moise Mugisha aliposhinda hatua ya mwisho mwaka 2022, alikuwa Mrwanda wa kwanza kushinda hatua tangu kupandishwa huko.

Wafaransa wanaitukuza Galibier, njia ya juu katika milima ya Alps ambayo Tour de France ilipanda kwa mara ya kwanza mwaka 1911, Émile Georget akiwa wa kwanza kufika kileleni. Njia ilikuwa ya vumbi na mawe, na wengi walishuka wakasukuma baiskeli zao. Leo watalii hulipa ili waende kutokwa jasho palepale. Kusukuma baiskeli mlimani hakukuwaondolea heshima wale, basi kusimwondolee kijana wa Bigogwe.

Lakini bonde hili si la kupendezwa nalo kwa macho tu. Msitu wa Gishwati, uliokuwa na hekta zipatazo 28,000, ulibaki na 600 hivi kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mlima uliovuliwa miti haushiki maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha, Sebeya ikafurika, na katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini walikufa watu zaidi ya 130. Nyundo na Kanama ziliumia vibaya. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vya Goma viliporusha makombora ng'ambo ya mpaka, watu waliuawa Rubavu. Mwezi mmoja baadaye Tour du Rwanda ilifika. Timu moja ya Ubelgiji ilikuwa imejitoa kwa kuhofia usalama. Nyingine ziliteremka barabara ileile.

Septemba ya mwaka huohuo Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Magdeleine Vallieres wa Kanada alishinda kwa wanawake, Tadej Pogačar wa Slovenia kwa wanaume. Mbio za wanaume zilikuwa na kilomita 267.5, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

Majina ya hao 30 yamehifadhiwa, na yatasomwa hata baada ya miaka mia. Ya wazee waliosukuma ibicugutu kutoka Bigogwe hadi Gisenyi hayajaandikwa popote, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Wewe kijana wa Mahoko au Kanama unayesoma haya, simu yako ina kinasa sauti. Nenda kwa babu yako jioni hii, umuulize alibeba nini, kwa bei gani, na breki yake aliitengeneza kwa kitu gani.