Nondo Weupe wa Jani la Mbuni

Kanazi ni jina lenye heshima katika tarehe ya Wahaya. Katika siku za utawala wa Wajerumani palikuwa ndipo makao ya Omukama Kahigi wa Pili wa Kihanja, mtawala aliyejua kupatana na wageni wale kuliko wengi wa wafalme wenziwe. Lakini mtu atokaye Bukoba mjini na kwenda huko hakutani kwanza na habari za wafalme. Hukutana na vibanja. Nyumba imezungukwa na migomba, na chini ya kivuli cha migomba imesimama mibuni. Kahawa katika nchi hii haikuletwa na Mzungu. Kabla ya Emin Pasha kuweka kituo cha Bukoba mwaka 1890, Wahaya walikuwa wakichemsha buni za robusta, wakizikausha na kuzitafuna. Walimkaribisha mgeni kwazo, na kwazo walifunga udugu wa damu. Arabika ndiyo iliyokuja baadaye.

Katika jani la mbuni, hasa wa arabika, mara nyingine huonekana baka la rangi ya kahawia, kavu kama karatasi iliyopitiwa na moto. Ngozi ya juu ya baka hilo ikibanduliwa kwa ukucha, ndani hupatikana viwavi weupe, wadogo mno, wanaokula nyama ya jani katikati ya ngozi zake mbili. Wakulima humwita mdudu huyu kidomozi. Akishiba hutoboa jani, hushuka kwa uzi wake wa hariri, na chini ya jani jingine, mara nyingi jani kavu lililoanguka, hufuma kifukofuko chenye umbo la herufi H. Baadaye hutoka humo nondo mweupe wa fedha, urefu wake kama milimita 3, mwenye doa jeusi karibu na ncha ya bawa. Miti ikishambuliwa sana hupukutisha majani, na mti usio na majani hauzai.

Lugha ya Kiswahili haikujishughulisha sana na nondo. Neno lenyewe limebeba mzigo wa maana: ni mdudu arukaye usiku, ni joka kubwa la hadithi, na siku hizi ni chuma cha mjenzi. Tena watu wengi humwita nondo kipepeo, na mambo yakaishia hapo. Si aibu, hata mabingwa wa Ulaya kwa muda mrefu walitenganisha nondo kwa yale tu yaonekanayo na jicho, yaani rangi, madoa na umbo la papasi. Linnaeus mwaka 1758 alipowapanga wadudu wenye mabawa ya magamba, aliwafanya wa mchana fungu moja, wa magharibi fungu la pili, na wa usiku fungu la tatu. Mpango huo ulifaa kwa wakubwa walio na mapambo. Lakini mdudu mweupe wa milimita 3 ana pambo gani la kumtenga na ndugu yake?

Katika mwaka 1842 Guérin-Méneville na Perrottet walitoa Paris kitabu juu ya mdudu na ukungu vilivyokuwa vikiharibu mibuni ya visiwa vya Antili. Mdudu yule walimpa jina la Elachista coffeella, na baadaye akahamishiwa katika jenasi iitwayo Leucoptera, neno la Kiyunani lenye maana ya bawa jeupe. Kahawa ilipoenea katika mashamba ya Kenya, Tanganyika na Kongo, na wadudu wa aina ile wakaonekana ndani ya majani, haikuwa ajabu kwamba waliitwa kwa jina la Antili. Walikuwa weupe kama wale, wadogo kama wale, wakila jani la mti ule ule. Mbuni wenyewe asili yake ni Afrika. Yaelekea wachache waliona haja ya kuuliza kama nondo wa pande mbili za bahari ni mmoja. Jina likaandikwa katika ripoti, likanakiliwa kutoka ripoti hata ripoti, na kwa kunakiliwa likapata nguvu ya ukweli.

Wakati huo huo elimu nyingine ilikuwa ikikua pole pole katika vyumba vya hadubini. Mwaka 1844 Mfaransa Léon Dufour aliandika kwamba viungo vya uzazi vya dume na jike wa aina moja ya mdudu vinaoana kama ufunguo na kufuli. Mfano wa ufunguo umebishaniwa sana tangu siku hizo, na ubishi huo una haki yake. Lakini jambo moja lilithibitika: viungo hivyo hutofautiana baina ya spishi hata pale mabawa yanapofanana kabisa. Gosse alichora vishikio vya vipepeo wakubwa mwaka 1883. Karl Jordan, akifanya kazi pamoja na Walter Rothschild huko Tring, Uingereza, aliviweka viungo hivyo mahali pa heshima katika kitabu chao cha nondo wa jamii ya Sphingidae cha mwaka 1903. Mwaka 1909 F. N. Pierce wa Liverpool alitoa kitabu kizima cha viungo vya uzazi vya nondo wa jamii ya Noctuidae.

Namna ya kuvitazama yataka subira. Fumbatio la nondo hukatwa na kuchemshwa katika maji ya potashi kali mpaka nyama na mafuta viyeyuke, ibaki ile sehemu ngumu isiyoyeyuka. Hiyo husafishwa kwa brashi nyembamba ndani ya alkoholi na kulazwa juu ya kioo. Ndipo katika dume huonekana vishikio viwili vya ubavuni, ndoana ya juu, na mrija wa katikati. Na katika jike mfuko wa kupokelea mbegu, ambao katika nondo wengi una kipande kigumu chenye miiba au meno. Kwa mdudu wa milimita 3, fumbatio lenyewe halifiki hata kipimo cha punje ya mchele. Mkono ukitetemeka, ushahidi umepotea.

Hapana budi kumtaja hapa mtu mmoja ambaye hakuikubali njia hiyo. Edward Meyrick, mwalimu wa shule ya Marlborough huko Uingereza, ndiye aliyewapa majina nondo wadogo wengi kuliko mtu mwingine yeyote. Hesabu ya spishi alizozieleza yapita 14,000. Watu wa makoloni na wa nchi nyingine walimpelekea masanduku ya nondo, naye aliyajibu kwa jarida lake la Exotic Microlepidoptera, lililoanza mwaka 1912. Yeye alitegemea mishipa ya mabawa, magamba na midomo, akitumia lenzi ya mkononi; uchunguzi wa viungo vya uzazi aliudharau. Kazi yake ni kubwa kiasi kwamba hakuna aandikaye juu ya nondo wadogo wa Afrika akaweza kuiruka. Walakini wingi huo huo una lawama yake: mtu anayetoa majina kwa maelfu hana nafasi ya kukata fumbatio moja moja. Meyrick alifariki mwaka 1938.

Miaka miwili baada ya kifo chake mambo yalifunguka. Mwaka 1940 Ghesquière, aliyekuwa akiandika juu ya wadudu wa Kongo ya Wabelgiji, alimtenga nondo wa mbuni wa Afrika na yule wa Antili, akamwita Leucoptera meyricki. Katika mwaka huo huo Washbourn alichapisha katika Bulletin of Entomological Research makala juu ya spishi za Leucoptera zinazodhuru kahawa ya Kenya na Tanganyika, na katika kichwa cha makala aliziita spishi zenye kuigana. Mmoja alimpa jina jipya, Leucoptera caffeina. Basi chini ya jina moja la Antili walikuwa wamejificha zaidi ya mmoja. Wamefanana kwa weupe, kwa doa na kwa ukubwa. Waliotofautiana ni katika vile viungo vya ndani ambavyo Meyrick hakutaka kuvitazama. Kwamba mmoja wao alipewa jina la Meyrick huenda ilikuwa heshima, na huenda ilikuwa na chembe ya mzaha. Msomaji ataamua.

Jina zuri halienei upesi kama jina baya. Notley, aliyewachunguza wadudu hawa juu ya Kilimanjaro, alitoa sehemu ya kwanza ya kazi yake mwaka 1948, na nondo yule mkubwa wa matatizo bado alimwandika kuwa coffeella. Sehemu ya pili, ya mwaka 1956, ilimhusu caffeina. Bradley ndiye aliyerudi tena kwenye suala la majina mwaka 1958, akaweka wazi habari za meyricki na za mwenziwe mwingine aliyepewa jina na Ghesquière. Kwa hiyo miaka 18 ilipita baina ya kutenganishwa kwa nondo hawa na kutulia kwa majina yao.

Mtu aweza kuuliza: mkulima apata nini katika ugomvi wa majina ya Kilatini? Apata mengi, maana mara nondo hawa walipotenganishwa kwa maumbile ya ndani, tabia zao nazo zilionekana kuwa mbali mbali. Meyricki hutawanya mayai yake juu ya jani, moja huku na moja kule. Caffeina huyapanga kwa safu, yakigusana, kando ya mshipa mkuu wa jani, na viwavi wake huingia pamoja na kula pamoja. Na lililo kubwa kuliko yote: meyricki hupenda mibuni iliyo wazi kwa jua, na caffeina hupenda mibuni iliyo katika kivuli. Aliyewahesabu wote kwa jina moja aliona shamba la jua limeshambuliwa na shamba la kivuli limeshambuliwa, akasema kivuli hakina maana. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na shauri lake lilikuwa kosa.

Hapa ndipo habari inaporudi Kanazi. Kibanja cha Mhaya ni kilimo cha kivuli: migomba juu, mibuni chini, na baina yao maharagwe na miti ya matumizi. Mashamba ya walowezi wa Kenya mengi yalikuwa ya jua, mibuni mitupu kwa safu. Ushauri uliotokana na shamba la namna moja ulipelekwa kwa urahisi katika shamba la namna nyingine, na jina moja la mdudu lilisaidia kuficha tofauti. Mwaka 1937 amri za Serikali juu ya utunzaji wa kahawa zilileta ghasia katika Bukoba. Ghasia zile hazikuwa na sababu moja. Humo mlikuwa na ardhi, mlikuwa na soko, mlikuwa na mamlaka ya wakubwa. Wala haisemwi hapa kwamba kidomozi ndiye aliyezichochea, maana mbuni wa robusta, ulio mwingi katika vibanja, hashiki sana kuula. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba katika mwaka huo afisa wa kilimo aliyeamuru na mkulima aliyekataa wote wawili hawakuwa na jina sahihi la nondo wa jani la mbuni. Makala ya Washbourn ilikuwa bado miaka 3.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuja dawa mpya za kunyunyiza. Katika mashamba kadhaa ya Kenya na Tanganyika ziliua nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi hao, na kidomozi, aliyekuwa adui wa kadiri, akawa adui mkuu. Watafiti wakarudi kuwahesabu nyigu, na kuwahesabu nyigu kwataka kujua kwanza ni kiwavi wa nani aliyetagiwa.

Kituo cha Lyamungu, Kilimanjaro, leo ni makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoundwa mwaka 2001, nayo ina kituo chake cha Buhaya huko Maruku, si mbali na Kanazi. Siku hizi spishi huweza kutambuliwa pia kwa vinasaba, kazi ambayo potashi na brashi haziwezi kuifanya. Hata hivyo pale shambani alama iliyo rahisi ni ile iliyogunduliwa kwa msaada wa hadubini na isiyohitaji hadubini tena: jani hugeuzwa kuelekea mwanga, na jicho huutafuta mshipa mkuu. Mayai yakiwa yamejipanga kando yake kama shanga katika uzi, mama yao ni caffeina. Yakiwa yametapakaa kama chumvi iliyomwagika, ni meyricki.