Ung'avu, Mwangaza na Mng'ao

Saa kumi alasiri, jua likishainamia magharibi, mtu anayefanyia kazi nyumbani kwenye ghorofa za Barabara ya James Gichuru, Lavington, Nairobi, huanza kukunja uso. Jedwali la kwenye skrini lililosomeka vizuri asubuhi limefifia, na katikati ya tarakimu anajiona mwenyewe pamoja na dirisha lililo nyuma yake. Mkono unakimbilia kitufe chenye alama ya jua. Anapandisha hadi mwisho. Dirisha bado lipo pale pale.

Hapo pana mambo matatu, na Kiswahili kina neno kwa kila moja. Mwangaza ni nuru iliyomo chumbani, ile inayoangukia meza, karatasi na ukuta. Ung'avu ni nuru inayotoka kwenye skrini yenyewe, na ndio unaopandishwa au kushushwa na kitufe kile. Mng'ao ni nuru ya dirisha au taa inayopiga kioo na kurudi machoni.

Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utoe Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, menyu za Kiswahili zimeongezeka, lakini kuhusu jina la nuru ya skrini hazijaafikiana: huku utakuta "mwangaza", kule "ung'avu". Wanaotetea mwangaza wana hoja, maana neno ni jepesi na kila mtu analijua. Tatizo ni kwamba likitumika kwa chumba na kwa skrini pia, agizo la kwanza kabisa la kurekebisha skrini, kwamba ung'avu ufuate mwangaza, halina namna ya kuandikwa likaeleweka.

Hata vipimo vya mawili hayo ni tofauti. Mwangaza hupimwa kwa luksi, ung'avu kwa niti, yaani kandela 1 kwa kila mita ya mraba. Ofisi yenye taa za kawaida huwa na luksi 300 hadi 500. Jua kali la mchana hufikia 100,000 hivi. Kompyuta mpakato nyingi, hata zikipandishwa hadi mwisho, hutoa niti 250 hadi 300 tu. Barazani juani, basi, hakuna kitufe kitakachofua dafu.

Chumbani kuna kipimo rahisi: shika karatasi nyeupe kando ya ukurasa mweupe wa skrini. Ukurasa ukiwaka kuliko karatasi, ung'avu umezidi. Ukionekana wa kijivu, umepungua.

Mng'ao, kwa upande wake, hauondoki kwa kitufe. Ulaya wachoraji hupenda dirisha la kaskazini kwa sababu jua haliwafikii. Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri liko kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba; kila dirisha lina zamu yake. Dawa ni kuiweka meza ili dirisha liwe ubavuni, si mgongoni, na kuvuta pazia jua likishuka. Halafu Julai mawingu yanatanda kutwa, chumba kinapoa na kuwa na giza, na ung'avu ule ule uliofaa Januari unaanza kuchoma macho. Hapo ushushwe.